Kanuni za Chumba 118

Zilikuwa karatasi mbili, zimeshikwa kwa pini moja,
tutie sahihi, na mzazi naye atie.
Mama alitia yake juu ya mashine ya kufulia, saa nne usiku,
bila kusoma. Mimi nilisoma. Nilikuwa natafuta adhabu.

Ya kwanza: simu ikae mlangoni.
Palining'inia kitambaa cha kuwekea viatu,
vijifuko thelathini, namba kwa wino mweusi.
Changu kilikuwa cha kumi na nne, kimetoboka chini,
kwa hiyo kila asubuhi simu yangu ilimwangukia Kettunen
wa ishirini, naye akalalamika kama aliyeangukiwa yeye.

Ya pili: neno "nzuri" lisikanyage humu.
Riwaya si nzuri. Mwisho wake si mzuri.
"Chakula cha mchana ndicho kizuri," alisema Bi. Niemi,
"na hata hicho nina mashaka nacho."

Ya tatu: andika kwa wino, na kosa ulikate
kwa mstari mmoja tu, lisomeke.
Alitaka kuona tulikopotelea.

Ya nne: usiombe radhi kabla ya kusoma kazi yako.
Tuliomba. Odell Beaudoin, mabega yake mapana kama kabati,
alianza kila mara: "Hii si kitu, nimeiandika ndani ya basi..."
na pete ya Bi. Niemi ikagonga meza, ko, ko.
"Anza tena. Na mlango wa nyuma uufunge."

Ya tano: ukichelewa, ingia, keti, fungua daftari.
Usijieleze. Sababu ni yako, dakika ni zetu.

Hiyo niliichukia. Mimi sababu nilikuwa nazo!
Baba aliendesha greda la theluji, zamu ya usiku,
na gari letu lilikuwa moja. Mpaka arudi,
mpaka avue buti, mpaka akumbuke funguo ziko wapi.
Kaskazini ya Michigan, mwezi wa pili,
theluji imefika kwenye masanduku ya barua,
na mimi naingia na hadithi yangu yote mdomoni,
nzima, na koma zake, naimeza, naketi.
Niliona ni roho mbaya. Pengine ilikuwa.

Ya sita ilihusu pambizo. Nimeisahau.

Kisha Jumanne moja kengele ikalia, na mbele hapana mtu.
Dakika tano. Kettunen akaifuata simu yake, akairudisha.
Dakika kumi na moja.
Mlango ukafunguka. Bi. Niemi,
koti limefungwa hadi shingoni, glavu moja,
theluji haijayeyuka kwenye nywele.
Hakwenda mezani kwake.
Aliketi kwenye kiti cha Raelynn, aliyehamia Duluth,
nyuma, karibu na kipasha joto,
akafungua daftari.

Hakuna aliyemuuliza.
Tulisikia mabomba yakigongana ukutani.
Halafu Odell akasimama, hakuitwa na mtu,
akasoma ukurasa mzima juu ya mbwa wa babu yake,
jinsi alivyokuwa akilinda mtungi wa gesi
kana kwamba ni kondoo. Hakuomba radhi.
Alisema "nzuri" mara mbili.
Ya pili ilipomtoka tukageuka wote, kumtazama.
Mkono usio na glavu ulikuwa juu ya daftari.
Haukugonga.
"Endelea," alisema, kwa sauti ya mwanafunzi.

Baada ya Odell nikasoma mimi, baada yangu Kettunen,
vibaya, kwa haraka, hadi kengele.
Tukachukua simu zetu kimyakimya
kama watu wanaochukua viatu nje ya nyumba ya wenyewe.

Mji wetu ni mdogo. Kufikia Ijumaa tulikuwa tunajua,
hata mpishi wa shule alijua, na mimi najua mpaka leo.

Siandiki. Sababu ni yake.